Indiketa ya Kulia

Kwa miezi minane nilimwita kijana wa watu mwongo. Nilimwita hivyo mbele ya trafiki, nikamwita hivyo kibarazani kwetu baada ya swala ya alasiri, nikamwita hivyo hata sebuleni kwangu wajukuu wakinisikiliza. Yeye alisema sikuwasha indiketa. Mimi niliapa kwamba niliwasha, na kweli mkono wangu uliwasha. Lakini kati ya mkono wangu na macho yake palikuwa na boliti moja yenye kutu, na boliti ile niliifunga mimi mwenyewe. Naandika haya kwa sababu walionisikia nikimlaumu ni wengi, na walionisikia nikimsafisha mpaka sasa ni wachache.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, 109, la mwaka 1978. Marehemu baba alilinunua likiwa limeshachoka, shamba moja la mkonge lilipouza magari yake ya zamani kwa mnada. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na ukisimama njia ya Muheza msimu wa machungwa hutakosa kuiona moja ikija na matenga. Langu kazi yake ndiyo hiyo: linakwenda shamba tupu, linarudi Tanga limejaa.

Watu husema Land Rover haliozi. Ni nusu ya ukweli. Bodi yake ni ya alumini, kwa sababu Waingereza walipoanza kuliunda mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu kwao baada ya vita. Chasi, hata hivyo, ni chuma kitupu, na chuma hakina amani na upepo wa bahari. Hapa kwetu chumvi huingia hata kwenye bawaba za kabati. Zaidi ya hapo, alumini na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa. Mwaka jana, masika yalipokaribia, niliingia chini ya gari nikaona chasi imeanza kubanduka magamba. Nikanunua brashi ya waya, msasa na rangi nyeusi ya lami, nikafanya kazi siku tatu. Kila boliti niliyoifikia niliifungua, nikasafisha, nikapaka rangi mara mbili, nikairudisha. Miongoni mwa boliti hizo ilikuwamo ile iliyoshika waya mweusi wa taa za nyuma upande wa kulia.

Niliona waya mweusi. Nilidhani ni waya kama waya nyingine. Nikaweka kichwa chake juu ya rangi mbichi, nikakaza boliti, nikapiga rangi na juu yake ili maji yasiingie. Kisha nikafunga ngazi ya chuma ya kupandia matenga, na boliti ikafichika kabisa nyuma yake. Nilitoka chini ya gari nikiwa nimeridhika sana na kazi ya mikono yangu.

Nieleze nilichofanya, maana niliumiza mtu kwa kutokulielewa jambo hili. Kwenye gari, kila taa haihitaji waya mbili kutoka kwenye betri. Waya mmoja unaupeleka umeme, na chuma cha gari lenyewe kinaurudisha. Njia hiyo ya kurudi ndiyo mafundi wanayoiita ethi. Katika magari ya Kiingereza ya wakati ule rangi za waya ni kama alfabeti: kijani chenye mstari mweupe ni indiketa ya kulia, kijani chenye mstari mwekundu ni ya kushoto, na mweusi mtupu ni ethi. Ule mweusi niliouweka juu ya rangi ya lami ulikuwa unarudisha umeme wa taa zote za nyuma upande wa kulia: indiketa, taa ya breki na taa ndogo ya usiku. Niliuziba mlango wa kurudia. Kilichobaki ni nyuzi za boliti, zilizogusa chuma ndani ya tundu. Kwa wiki kadhaa zilitosha. Masika yakanyesha, zikaanza kushika kutu.

Dalili ya kwanza ilikuwa mlio. Flasha ya zamani ndani yake ina kibamba cha metali mbili kinachopata joto umeme unapopita, kinajipinda, kinakata, kikipoa kinarudi. Ndiyo ile tiki-tiki unayoisikia, na taa inatakiwa kupepesa kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Kila globu ya indiketa ni wati 21, kwa hiyo mbele na nyuma kwa pamoja zinavuta karibu ampea 3.5. Flasha hizo zimetengenezwa kwa kipimo hicho. Globu moja ikikosa umeme wa kutosha, kibamba kinachelewa kupata joto na mdundo unaharibika. Upande wa kushoto gari langu lilikuwa na mdundo mzuri. Upande wa kulia likawa linasuasua.

Nikanunua flasha. Haikusaidia, nikasema ni feki, nikanunua nyingine. Nikabadilisha globu zote nne. Nikanunua flasha ya tatu, hii kwa bei mara mbili ya ile ya kwanza, nikiamini kwamba bei ndiyo dawa. Fedha ile imekwenda na siilalamikii. Ninachojutia ni kwamba muda wote huo nilikuwa nikibadilisha vitu visivyo na kosa, na sikuchukua hata dakika moja kufuata waya kwa macho yangu kutoka kwenye globu hadi unapoishia.

Mwisho nilikwenda kwa fundi umeme wa magari, kijana aliyesomea VETA, ana banda lake dogo Ngamiani. Alinipokea kwa shikamoo, akaniomba niwashe hazadi. Hakushika hata bisibisi. Alizunguka gari mara moja, akasimama nyuma akitazama, kisha akaja dirishani.

"Mzee wangu, flasha zako zote ni nzima," akasema. "Hazadi ya gari hili ina flasha yake peke yake, na bado taa ya nyuma kulia inawaka kwa unyonge. Ingekuwa flasha, moja ingekusaliti na nyingine isingekusaliti. Hapa ethi imekufa."

Kisha akaniuliza swali ambalo bado nalisikia masikioni: "Chasi hii ilipakwa rangi lini?"

Nilimjibu, "Zamani."

Ilikuwa haijatimia miezi minne. Sikusema uongo ule kwa sababu nilikuwa na siri kubwa. Niliusema kwa sababu niliona anakaribia kunionyesha kwamba mharibifu ni mimi, naye ni mdogo kwa mwanangu wa mwisho. Aliomba kuvuta waya mrefu kutoka kwenye taa hadi upande wa hasi wa betri ili anionyeshe taa itakavyopata nguvu papo hapo. Nikamwambia aache. Akasema basi ngazi ifunguliwe, boliti itafutwe, kazi ya nusu siku, shilingi 30,000. Nikamwambia anatafuta kazi kwenye gari la watu. Nilisema kwa sauti, wateja wake wawili wakiwa wamekaa pale.

Alikusanya spana zake bila kubishana. Akaniambia tu: "Sawa, mzee wangu. Lakini ukishika breki huku umewasha indiketa ya kulia, usiiamini."

Maneno hayo nilikuwa nayo kichwani tangu siku hiyo. Asidhani mtu kwamba sikuonywa.

Julai, saa kumi jioni, nilikuwa natoka Muheza na matenga ishirini na mbili. Karibu na Pongwe kuna njia ya vumbi ninayokata kulia kwenda kushusha sehemu ya mzigo. Niliwasha indiketa mapema, nikasikia tiki-tiki, nikaona kitaa cha kijani kikipepesa kwenye dashibodi. Nikashika breki kupunguza mwendo, maana lililokuwa linakuja mbele lilikuwa lori. Lori likapita. Nikakata kulia. Wakati uleule bodaboda iliyokuwa nyuma yangu ilikuwa imeshatoka kunipita upande wa kulia, kama ambavyo mtu yeyote angelipita gari lililopunguza mwendo bila kuonyesha linakwenda wapi. Iligonga tairi langu la mbele. Kijana alirushwa juu ya boneti akaangukia bega.

Mtulinga ulivunjika. Namshukuru Mungu kwamba hakuwa na abiria, na kwamba helmeti yake ilikuwa kichwani na kamba imefungwa.

Watu walijaa. Alikuwa amekaa kwenye vumbi ameshika mkono wake, akirudia neno moja: "Hakuwasha indiketa. Mzee hakuwasha indiketa." Nami nikajibu kwa nguvu zangu zote kwamba niliwasha, Mungu ni shahidi. Trafiki alipofika akaniambia niwashe tuone. Gari likiwa limesimama, mguu wangu ukiwa nje ya breki, niliwasha. Ikapepesa. Kwa unyonge, lakini ilipepesa, na kila mtu aliiona. Hakuna aliyeniambia nikanyage breki. Aliyejua kwamba breki inafaa kukanyagwa alikuwa mmoja tu pale, naye alikaa kimya.

Siwezi kulizunguka jambo hili. Sentensi ya yule fundi ilinijia pale pale, nimesimama na mkono juu ya swichi. Nilijua nini cha kujaribu na sikukijaribu. Nilijiambia kwamba fundi alikuwa anataka fedha tu. Nilijiambia kwamba bodaboda wanajulikana. Neno hilo, "wanajulikana", lilinifanyia kazi kubwa siku ile, kwa sababu kila aliyesimama pale alilikubali kabla sijamaliza kulitamka. Mzee mwenye kofia na gari la machungwa upande mmoja. Upande wa pili kijana mwenye pikipiki. Iliandikwa kwamba alipita pasipo uangalifu.

Pikipiki haikuwa yake. Alikuwa ameichukua kwa mkataba: analeta hesabu kwa mwenyewe kila siku, na baada ya muda waliokubaliana inakuwa mali yake. Mtu aliyevunjika mtulinga hapeleki hesabu. Mwenye pikipiki aliitengeneza akampa mwingine. Haya niliyasikia wiki ya tatu, kwa mtu asiyejua kwamba yananihusu, na nikaendelea kunyamaza.

Miezi minane ikapita. Machi, usiku umeme umekatika mtaani kwetu, nilikuwa narudisha gari nyuma uani. Mjukuu wangu wa miaka tisa alisimama nyuma ananiongoza. Nilikuwa nimesahau kuzima indiketa ya kulia. Nikakanyaga breki, nikamsikia:

"Babu, taa imezimika."

"Taa ipi?"

"Ya kulia. Ukikanyaga breki inazimika. Ukiachia inarudi."

Ukuta wa ua wetu umepakwa chokaa. Nilijigeuza kwenye kiti nikautazama. Upande wa kushoto ulikuwa mwekundu kwa taa ya breki. Upande wa kulia ulikuwa giza. Nikaachia breki: rangi ya chungwa ikarudi ukutani, ikipepesa. Nikakanyaga: giza. Na muda wote ule, masikioni mwangu, flasha iliendelea na mlio wake uleule wa kusuasua, kwa sababu globu ya mbele ilikuwa inawaka vizuri. Nilikaa mle ndani nikikanyaga na kuachia mpaka mtoto akauliza kama aende kulala.

Sasa naweza kulieleza. Boliti ile yenye kutu ilikuwa bado inapitisha umeme kidogo, kama bomba lililojaa mchanga. Indiketa peke yake iliweza kujipenyeza. Lakini ukikanyaga breki, globu nyingine ya wati 21 inaleta umeme wake palepale, na zote mbili zinataka kurudi kwenye betri kwa njia ileile nyembamba. Umeme unajaa upande wa kutokea, hakuna tena tofauti ya kutosha kuifanya globu ifanye kazi, na nyuzi za ndani zinabaki nyekundu kama kaa linalokufa. Mchana, jua la saa kumi likizipiga, huoni chochote. Nani anayekata kulia bila kushika breki? Basi indiketa yangu ilikuwa inaonekana wakati wote, isipokuwa wakati ule mmoja inapohitajika.

Asubuhi nilikwenda Ngamiani. Nilimkuta fundi amelala chini ya gari la mtu. Nilisubiri atoke, nikamwambia mbele ya waliokuwapo kwamba nilimtukana bure, kwamba chasi niliipaka mwenyewe Machi ya mwaka jana, na kwamba kuna mtu aliumia. Aliposikia hilo la mwisho aliketi kwenye tairi. Hakuniambia lolote la kunifariji, na sikulitaka.

Kabla ya kufungua kitu alichukua mita, akagusa waya mmoja kwenye kishikio cha globu ya nyuma na mwingine kwenye hasi ya betri, akanitaka niwashe indiketa na kukanyaga breki. Kipimo hiki, aliniambia, kwenye ethi nzima kinasoma karibu na sifuri, kwa sababu kati ya taa na betri hapapaswi kuwa na kizuizi. Kilisoma volti 8. Katika volti 12 za betri, nane zilikuwa zinapotelea kwenye boliti yangu. Ngazi ilipofunguliwa, boliti ilikatika ikizungushwa. Chini ya kichwa cha waya rangi yangu ilikuwa bado inang'aa, nyeusi, safi, imeshika vizuri sana.

Alipiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe pande zote mbili, akaweka boliti mpya na washa yenye meno, na grisi akaipaka juu baada ya kukaza, si kabla. Kisha akavuta waya mweusi mpya kutoka kila upande wa nyuma hadi kwenye betri, ili taa zisitegemee tena chasi peke yake. Mita ikasoma 0.1. Alichukua 30,000 yake ileile ya mwaka jana, akakataa nyongeza.

Kumpata kijana wa bodaboda kulichukua siku nne. Sasa anabeba mizigo sokoni, kwa bega la kushoto tu. Aliniamkia "Shikamoo, mzee" kabla hajanitambua. Nilimweleza yote, pamoja na onyo la fundi na kimya changu mbele ya trafiki, kwa sababu bila hilo ningekuwa nimekiri kutu tu na si kosa langu. Alisikiliza akitazama chini.

"Mzee, mimi barabarani naishi kwa taa za watu," akasema mwishoni. "Njia hii ya Segera, lori likiniwashia kulia nabaki nyuma, likiniwashia kushoto napita. Siku ile niliangalia taa yako. Niliiangalia sana. Baadaye walivyosema wote kwamba ilikuwa inawaka, nikaanza kujiuliza kama macho yangu yana kasoro."

Nimerudia maneno hayo jinsi alivyoyasema. Sikumvunja mfupa tu. Nilimfanya asiamini macho yake.

Niliuliza anataka nini kwangu. Gharama za hospitali na siku alizokosa kazi tumekubaliana, nazilipa kidogo kidogo, na hilo ni deni, si sadaka. Lakini alichokitaja kwanza hakikuwa fedha. Alitaka niende kijiweni kwao, nikaseme kwa mdomo wangu. Nilikwenda. Nilisema kwa mwenye pikipiki pia, naye alinisikiliza, lakini aliyepewa ile pikipiki ana watoto na hajakosea chochote, kwa hiyo mkataba haukurudi. Kituoni nilitoa maelezo mapya kwa maandishi na kuyasaini, nikieleza kwamba maelezo yangu ya kwanza yalificha jambo nililolijua.

Wewe mwenye gari la zamani, usiku wa leo lisogeze mpaka kitako chake kikaribie ukuta mweupe. Washa indiketa ya kulia, kisha ya kushoto, na kila mara ukanyage breki ukiwa umegeuka nyuma unatazama. Usisikilize mlio.

Na nyinyi mliokuwa karibu na Pongwe jioni ile mkanisikia nikiapa: kijana yule aliangalia, na taa haikuwapo. Alisema kweli.